Tuligawe swali kwanza

Mhariri, mmeuliza kama wanaotaka milango ya nchi ifunguliwe na wanaotaka ifungwe wanaweza kuelewana. Wanaweza, ila si kwa kukutana katikati ya namba mbili. Mmoja akitaka laki moja na mwenzake hataki hata mtu mmoja, elfu hamsini itawaudhi wote.

Uhamiaji si swali moja. Mkimbizi analindwa na sheria: ibara ya 33 ya Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 inakataza kumrudisha mtu kule ambako uhai au uhuru wake uko hatarini. Hapo hapana bei ya kupatana. Mfanyakazi anayehitajiwa na waajiri ni suala la uchumi, idadi yake inaweza kupanda na kushuka kila mwaka. Aliyekwisha kukaa miaka kumi bila kibali ni suala la tatu. Mara nyingi watu hugombana kwa kuwa mmoja anamsemea wa kwanza, mwingine anajibu kuhusu wa tatu.

Huyo wa tatu ndiye mgumu. Mwaka 1986 Marekani iliwapa ukaazi walioingia kabla ya 1 Januari 1982, pamoja na baadhi ya vibarua wa mashambani. Jumla watu kama milioni 2.7. Upande wa pili, wa wanaotaka milango ifungwe, uliahidiwa kwamba waajiri watabanwa wasiajiri wasio na kibali. Lakini sheria ilimtaka mwajiri aangalie tu kama hati inaonekana halali, basi vyeti vya kughushi vikapata soko. Upande mmoja ulipokea chake mkononi, mwingine ukabaki na ahadi, na kidonda hicho hakijapona. Mswada mwingine wa Marekani wa 2013, uliotaka tena kuwapa wasio na kibali njia ya ukaazi, ulipita Seneti kwa kura 68 dhidi ya 32. Baraza la Wawakilishi halikuupigia kura kabisa.

Ujerumani ilipanga vizuri zaidi, kwa maoni yangu. Sheria iliyoanza 31 Desemba 2022 iliwahusu watu wasio na ukaazi, walioahirishiwa tu kuondolewa, na waliokuwa wametimiza miaka 5 nchini kufikia 31 Oktoba 2022. Walipewa miezi 18 wathibitishe utambulisho wao, wajue lugha na wajitegemee kwa kipato. Tarehe hiyo ya Oktoba ilikuwa imeshapita, kwa hiyo haikumvuta aliyekuwa akifungasha mizigo kuja. Masharti nayo yalipimika, hayakutegemea huruma ya karani.

Kinachosahaulika na pande zote ni muda. Ombi la hifadhi likikaa miaka minne bila jibu, anayestahili anateseka kwa wasiwasi, na asiyestahili ameshaota mizizi, watoto wako shuleni. Kumwondoa wakati huo ni ukatili, kumwacha kunawafanya wengine waone kanuni hazina maana. Dawa ni maofisa wa kutosha wa kuhoji, na mkalimani na wakili tangu mahojiano ya kwanza. Ukiharakisha bila wawili hao, makosa yatarudi kwa njia ya rufaa, na miaka ile ile itapotelea mahakamani.