Droni ya harusi Bombo, na tembo wa Kasese

*Swali: Asalaam aleikum, Mwalimu. Ninapiga picha za harusi hapa Bombo. Kaka yangu anarudi kutoka Dubai mwezi ujao na ameona droni ya gramu 249. Wenzangu wanasema ikiwa chini ya gramu 250 haihitaji kibali. Ni kweli? Na nikiipata, niirusheje juu ya watu? – Mpiga picha, Bombo*

Waaleikum salaam, mwanangu. Mpigie kaka yako simu leo, kabla hajalipa. Hizo gramu 250 ni kanuni ya Marekani, tena huko ni kwa wanaorusha kwa kujifurahisha tu. Wewe unalipwa, na uko Uganda. Kwetu ruhusa ya Wizara ya Ulinzi inatangulia, ndipo droni iingie nchini. Kisha kuna usajili na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, UCAA. Ikitua Entebbe bila karatasi, watu wa forodha wataizuia. Inaniuma kila ninaposikia kijana ameacha mtaji wake wote pale kwa sababu tu aliamini maneno ya mtaani.

Halafu mji wako wenyewe. Bombo ndiko yaliko makao makuu ya jeshi la nchi kavu. Hata ukiwa na kibali mkononi, usiinue droni karibu na kambi. Zungumza kwanza na polisi na wakuu wa hapo, uwaonyeshe tarehe, saa na kiwanja cha harusi, na wakikataa, piga picha kwa kamera ya mkononi. Bwana harusi ataelewa.

Sasa hilo la "juu ya watu". Usirushe juu ya watu, mwanangu. Mama aliyekaa chini ya hema na mtoto mgongoni hajakubali hatari yoyote. Amekuja kula pilau. Propela ndogo zinakata vidole, na betri ikizima, hakuna cha kuishika droni hewani. Simama pembeni, rusha kando ya kiwanja, elekeza kamera ndani. Picha ya mshazari inapendeza kuliko ya utosini, ninavyoona mimi. Waombe wenye shughuli wawatangazie wageni kwamba kuna kamera angani, maana sheria ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa za watu inagusa picha pia.

Usipite futi 400, yaani mita 120 hivi, na usiache kuiona kwa macho yako mwenyewe. Kuiona kwenye skrini hakutoshi, kwa sababu skrini haikuonyeshi kaloli, yule korongo mkubwa, anayekuja kutoka nyuma. Mpe kijana mmoja kazi ya kutazama anga tu.

Kuna jambo moja ambalo wanafunzi wangu hulipuuza: kimo cha kurudi nyumbani. Mawasiliano yakikatika, droni nyingi hupanda hadi kimo ulichokiweka na kurudi zenyewe kwa mstari ulionyooka. Ukiacha kimo kilichowekwa kiwandani, na hapo pana mvule au mnara wa simu mrefu kuliko hicho, itaugonga. Angalia kilicho kirefu kuliko vyote, ongeza kimo, lakini ubaki chini ya zile futi 400. Usiipaishe kutoka juu ya gari wala kwenye zege lenye nondo, dira yake huchanganyikiwa. Betri ikifika asilimia 30, shusha, hata kama bibi harusi ndiyo kwanza anatoka.

*Swali: Mwalimu, tembo wanatoka hifadhini na kula mahindi yetu. Naweza kuwafukuza kwa droni? – Mkulima, Kasese*

Pole sana, ndugu yangu, najua msimu mzima unaweza kuliwa usiku mmoja. Njia hiyo imejaribiwa Tanzania, kandokando ya Tarangire na Serengeti, na tembo walikimbia kweli. Huenda mlio unawakumbusha nyuki. Lakini waliorusha walikuwa askari wa wanyamapori waliofundishwa, si wenye mashamba. Tembo akishtuka hachagui njia, anaweza kuingia kwenye nyumba ya jirani. Hifadhini hairuhusiwi kurusha bila idhini ya Mamlaka ya Wanyamapori, na Kasese mna kiwanja cha ndege. Nendeni kama kijiji, pamoja na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kwa askari wa hifadhi ya Queen Elizabeth, mwombe wao ndio warushe. Mbebe picha za mashamba yaliyoharibiwa na tarehe za kila uvamizi.