Kadi ndani ya seva au kisanduku cha nje?

Ndugu, umesema mna laini nne za waya, simu 12 za mezani na seva ya Asterisk (programu ya kuendesha simu za ofisi), ila hujui, ili kuunganisha laini hizo na seva, ununue kadi ya kuchomeka ndani ya seva au kisanduku cha nje. Mimi ningechukua kisanduku. Kadi inategemea draiva (programu ndogo inayoiendesha), na ukisasisha mfumo inaweza kugoma asubuhi, wateja wakiwa wanapiga. Kisanduku huongea na seva kwa SIP (utaratibu wa kupiga simu kwenye mtandao) kupitia waya wa mtandao. Hata ukibadilisha seva, laini haziguswi.

Kabla ya kulipa, soma maandishi kwenye matundu. Laini ya kampuni ya simu huingia FXO. FXS ni ya kuchomeka simu au faksi. Kwa macho yanafanana kabisa, na mimi niliwahi kuagiza kisanduku cha FXS nane, nikabaki nakitazama tu.

Kinachosumbua zaidi ni kukata simu. Mteja akimaliza, kifaa lazima kitambue, ama kwa volti kugeuka au kwa mlio wa laini. Kisipotambua, laini inabaki imeshikwa, na wanaopiga wanaambiwa inatumika. Uliza kampuni ya simu inatoa ishara gani, kisha hakikisha kifaa kinaielewa. Na kiwe na uwezo wa kuondoa mwangwi.

Mkitarajia kufika laini kumi na kuendelea, ulizia E1 (laini ya kidijitali ya kampuni ya simu) kwanza: moja hubeba simu 30 kwa wakati mmoja.