Ukienda Kumwona Mzazi, Nenda na Supu

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Mwanza aliniandikia: "Dada, wifi yangu amejifungua kwa upasuaji. Mama mkwe ni marehemu, mama yake mzazi yuko mbali na anaumwa. Nimebaki mimi tu. Nimpikie nini?"

Nimeurudia ujumbe huo mara nyingi. Swali kama hilo nilitamani mtu aliulize kwa ajili yangu, na hakuna aliyeuliza.

Mwanangu wa kwanza nilimzalia London. Mama alikuwa ameshanunua hata sweta ya safari, viza ikakataliwa. Kwetu Kilimanjaro mzazi hapiki. Kwa desturi ya zamani anakaa ndani hata miezi mitatu, kazi yake ni kula, kunyonyesha na kulala, na mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, unamfikia kitandani ukiwa wa moto. Nimekua nikiona wanawake wakiwafanyia hivyo shangazi zangu, kwa hiyo kichwani mwangu kuzaa na mtori vilikuwa kitu kimoja. Watanzania wenzangu, ambao sherehe zao nilizipikia mimi na ambao walicheza kicheni pati yangu mpaka usiku wa manane, walituma "Hongera mama!" na picha za maua. Wachache walikuja. Walikaa, wakapiga picha na mtoto, wakanywa chai niliyoichemsha mwenyewe huku mshono unanivuta. Siwachukii. Ila sijasahau, na sioni kwa nini nijifanye nimesahau.

Aliyebisha hodi akiwa na sufuria alikuwa jirani wa ghorofa ya chini, Mkorea. Tulikuwa tunaishi New Malden, kitongoji chenye Wakorea wengi, na kabla ya siku hiyo tulikuwa tunasalimiana tu kwenye ngazi. Aliniletea miyeok-guk, supu ya mwani. Nilipofunua kifuniko nilisita. Mwani ninaoujua mimi ni ule wanaoulima akina mama wa Paje na Jambiani, unakaushwa, unafungwa kwenye magunia, unasafirishwa nje. Kumbe wa Korea ni aina nyingine, jani pana, jepesi, nao ni chakula cha kila nyumba. Wanauloweka hadi ulainike, wanaukaanga kidogo kwa mafuta ya ufuta pamoja na vipande vya nyama ya ng'ombe na kitunguu saumu, wanamimina maji, wanaweka sosi ya soya na kuacha ichemke taratibu. Nilikunywa bakuli zima nikiwa nimesimama jikoni, nikalia.

Aliniambia kwao mzazi hulishwa supu hiyo kwa wiki kadhaa mfululizo, asubuhi hadi jioni, na wali pembeni. Kisha mtoto akikua, kila siku yake ya kuzaliwa inapofika anaamkia bakuli la supu ileile, kumkumbuka mama aliyemzaa. Hapo ndipo nilipowapenda Wakorea. Siku ya mtihani, kwa upande mwingine, hawaigusi, kwa sababu mwani unateleza na mwanafunzi anaogopa kuteleza nao. Neno moja la tahadhari kwa atakayeijaribu: mwani una madini joto mengi sana, hivyo mwenye matatizo ya tezi ya shingo amwulize daktari kwanza, na hata asiye nayo asiile kila siku kwa wiki nyingi.

Baadaye mfanyakazi mwenzangu, Mnaijeria wa kabila la Igbo, alikuja na mama yake. Mama huyo alikuwa London kwa ajili ya omugwo, yaani bibi kuja kumlea binti aliyejifungua pamoja na kichanga. Aliposikia kuna mzazi mwingine asiye na mama karibu, alifunga safari ya mabasi mawili akiwa na hotipoti. Ndani mlikuwa na ji mmiri oku: viazi vikuu, samaki mkavu, pilipili, na uda, kiungo cheusi chenye harufu ya moshi ambacho sikuwahi kukiona. Ilikuwa kali. Chango lilikuwa linanikamata siku zile, na joto lile liliposhuka tumboni nilihisi mwili unaachia. Yule mama alimchukua mtoto mikononi mwangu, akanionyesha kitanda kwa kidole. Nililala kama sijawahi kulala. Nilipoamka nepi zilikuwa zimekunjwa na jiko linang'aa.

Tangu hapo nimekuwa nikiwauliza wanawake wa kila taifa ninaokutana nao: kwenu mzazi analishwa nini? Wa Guangdong, kusini mwa China, wanachemsha miguu ya nguruwe, tangawizi nyingi na mayai ndani ya siki nyeusi tamu, na chungu ni kikubwa kwa sababu hata wageni wanaokuja kumwona mtoto wanapakuliwa. Rafiki zangu wa Pwani wananiambia uji wa pilipili manga, kuku wa kienyeji, supu ya pweza, ndani ya zile siku arobaini. Watu hawa hawakukaa kikao kimoja wakakubaliana. Lakini ona: kitu cha moto, cha majimaji, chenye mfupa au samaki, chenye tangawizi au pilipili, na aliyekipika si mzazi mwenyewe.

Hilo la mwisho ndilo ninalolishikilia. Wengi wanapika supu ya mzazi wakiamini ndiyo inayotengeneza maziwa. Mtoto anayenyonya mara kwa mara ndiye anayeyaita maziwa. Supu inampa mama maji, chumvi, protini na nguvu, maana anayenyonyesha anahitaji chakula zaidi kuliko kawaida yake, na mara nyingi hana hata mkono mmoja ulio huru wa kushika kijiko. Kama mzazi wako anahangaika na maziwa, mlishe, halafu mtafutie mkunga amwangalie mtoto anavyoshika titi. Usimwongezee pilipili tu na lawama.

Na ninyi mnaosema "ukihitaji kitu niambie", acheni. Mzazi hatakuambia. Ataona haya, atasema yuko salama. Pika, peleka, ondoka. Ukipeleka nguo ya mtoto, itamtosha mwezi mmoja. Ukipeleka supu, atasimulia mpaka uzeeni, kama mimi ninavyowasimulia watu wasio hata wa ukoo wangu. Tunajisifu kwa ukarimu, tunachanga mamilioni ya harusi, halafu aliyezaa anakula mkate na chai. Inanikera na nitaendelea kuisema.

Mimba ya pili niliikabili kwa utaratibu mwingine. Nilijaza friza mtori kabla ya mwezi wa tisa kuisha, na nilipotoka uzazini nikaanza kuwapikia wengine. Yule jirani Mkorea alipojifungua nilimshushia mtori, akamaliza, akaomba tena. Mwezi uliopita dada mmoja wa Kimeru, ambaye sikumjua kabla ya hapo, alinipigia simu kuniambia mtori wangu umemkumbusha kwao. Najivunia hilo kuliko cheti chochote nilicho nacho.

Mtori wenyewe hauna siri. Nyama ya ng'ombe yenye mfupa, kidari au mbavu, ichemke kwa moto mdogo na kitunguu na chumvi kidogo mpaka iachie mfupa. Moto mdogo, narudia, usiharakishe. Menya ndizi ndani ya maji, mikono ukiwa umeipaka mafuta, utomvu usikugande. Mshare, ndizi ya kupika ya kwetu, ndiyo yenyewe. Nje ya nchi natumia matoke ya maduka ya Waganda. Ndizi ziive ndani ya mchuzi ule wa nyama, kisha uziponde kwa mwiko. Blenda inafaa, ila usiipitishe sana, mtori ukawa kama gundi. Chambua nyama ndogondogo uirudishe, weka kijiko cha samli. Uwe mwepesi wa kunyweka kwa kikombe.

Sasa wewe wa Mwanza. Fuata kwanza walichosema hospitalini kuhusu lini aanze kula na nini. Akiruhusiwa, anza na sato: mchemshe na tangawizi, kitunguu na nyanya moja, ndimu mwishoni, na utoe miiba yote kabla hujapakua. Mtori ufuate akishazoea chakula kizito. Ndizi za Bukoba umejaliwa nazo hapo sokoni. Weka supu kwenye chupa ya chai ibaki ya moto mpaka atakapoamka kunyonyesha usiku. Na ukifika kwake, osha vyombo vilivyo kwenye sinki kabla hujaomba kumbeba mtoto.