Kompaila mbili, folda mbili
Ndugu yangu wa Lindi, pole. Umejenga SFML (maktaba ya kutengenezea michezo na michoro) kwa MinGW, ambayo ni kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa programu ya kuendesha. Sasa Visual Studio, yenye kompaila yake, inadai haizioni fankisheni ambazo zimo ndani ya faili lako la maktaba la .a. Msimbo wako hauna kosa. SFML ni ya C++, na kompaila hizi mbili huyaandika majina ya fankisheni za C++ kwa namna tofauti. Ya MinGW, Visual Studio haiyatambui.

Ijenge upya kwa Visual Studio, upate faili la .lib, maktaba ambayo Visual Studio inaitambua. Fungua folda mpya kabisa, maana CMakeCache.txt, faili ambamo CMake (programu inayoandaa ujenzi) huhifadhi mipangilio, hukumbuka kompaila ya kwanza. Mimi hapa Mtwara ilinikesha hadi alfajiri. Msimbo uleule wa SFML unatosha, usimalize bando kuupakua tena. Na sfml-graphics-d.lib ni ya Debug (ujenzi wa kusaka makosa), usiipeleke Release (ujenzi wa kuwapa watumiaji).