Wasomaji Wanauliza: Jeshi la Watu Sitini

SWALI: Bwana Mhariri, marehemu baba yangu aliniachia kaseti 38 za filamu za vita vya kale, yaani Wagiriki, Warumi na Waajemi, zote zikiwa na sauti za Kifaransa. Jumapili niliwasha moja, na watoto wa dada yangu walicheka hadi machozi yakawatoka, kwa sababu jenerali alijigamba kuwa ana askari 10,000, nasi tulipohesabu hatukufika hata 60. Je, kuna faida yoyote ya kuzihifadhi, na mtu azipime kwa kipimo gani? (Msomaji wa Kadutu, Bukavu)

JIBU: Pole kwa msiba, ndugu yangu, na hongera kwa urithi. Kuhusu hao 60, nakuomba usiwacheke bado, kwa maana huenda wenzao walikuwapo na wewe ndiye hukuonyeshwa. Nyingi kati ya filamu hizi zilipigwa kwa picha pana, ambayo upana wake ni mara 2.35 ya kimo chake, ilhali kioo cha televisheni ya zamani kilikuwa na upana wa 4 kwa kimo cha 3. Ili kioo kijae, watengenezaji wa kaseti walikata pembeni na kutupa zaidi ya sehemu 4 kati ya 10 za picha. Mwongozaji aliyepanga watu 100 katika mstari mmoja, kutoka ukingo hadi ukingo, anafika sebuleni kwako Kadutu akiwa na watu 57. Ndiyo maana kila anayeniandikia kuhusu filamu hizi humjibu kwamba, kabla ya kuihukumu filamu, aihukumu kwanza nakala aliyo nayo.

Kuigundua nakala iliyokatwa si kazi. Tazama mwanzo, majina ya waigizaji yanapopita: mara nyingi watu na farasi huonekana wembamba na warefu kama mianzi, kwa sababu picha imebanwa ili maandishi yote yaenee, kisha hadithi inapoanza wote wananenepa ghafla. Hapo ndipo kisu kilipopita. Tazama pia watu wawili wanaozungumza wakiwa mbalimbali. Ukiona pua ya huyu kushoto na pua ya yule kulia, na katikati ukuta mtupu, jua kwamba aliyepanga picha hiyo hakuwa mjinga.

Rangi nazo zina kesi yake. Nakala nyingi za sinema za miaka ya 1950 na 1960 zilichapishwa kwa rangi zisizodumu. Buluu ilififia kwanza, wekundu ukabaki. Kaseti ikinakiliwa kutoka nakala iliyochoka namna hiyo, anga la Ugiriki linakuwa la waridi na bahari inafanana na chai. Sauti vilevile: sinema hupita picha 24 kwa sekunde, lakini video nyingi za Ulaya hupitisha 25, hivyo filamu ya dakika 100 humalizika kwa dakika 96 na shujaa huongea kwa sauti nyembamba kidogo kuliko alivyokusudiwa. Na usione haya kwa sababu ya Kifaransa chake. Waitaliano, ambao ndio waliotengeneza sehemu kubwa ya filamu hizi, walizoea kupachika sauti baada ya kupiga picha, kwa hiyo hata ukiipata kwa Kiitaliano, midomo na maneno havitapatana sana.

Ukishayaondoa hayo, kinachobaki ni cha mwongozaji na cha mfuko wake, na viwili hivi navyo vitenganishwe. Baada ya filamu ya Ercole, yaani Herkule, shujaa wa hadithi za Kigiriki, ya mwaka 1958, ambamo aliigiza Steve Reeves, Mmarekani aliyekuwa bingwa wa kutunisha misuli, wazalishaji wa Roma walitoa filamu za namna hiyo mfululizo, na Wafaransa wakazibatiza jina la peplumu, kutokana na vazi la Wagiriki wa kale. Fedha zilikuwa haba. Mtambo ulioitwa Techniscope ulipoingia mwanzoni mwa miaka ya 1960, ulifanya kila picha ichukue matundu 2 ya pembeni mwa ukanda wa filamu badala ya 4, gharama ya ukanda ikashuka kwa nusu, ila picha ikawa na chengachenga. Chenga hizo ni za mfuko. Lakini mpiganaji anayesubiri kwa adabu zamu yake ya kuchomwa mkuki, huyo ni wa mwongozaji, na hapo mimi sisamehe.

Chukua ile filamu ya vita vya Marathoni ya mwaka 1959, aliyoianza Jacques Tourneur na kumaliziwa na Mario Bava, aliyekuwa pia mpiga picha wake. Ukiitazama kama historia, haifai kitu. Herodoto, mwanahistoria wa Ugiriki ya kale, anaeleza kwamba mwaka 490 kabla ya Kristo Waathene waliokufa walikuwa 192, na kwamba mkimbiaji Filipide alitumwa mbio kwenda Sparta kabla ya vita. Filamu inampeleka hadi chini ya maji kupambana na meli za Waajemi. Hata hivyo, mambo ya chini ya maji yamepigwa kwa jicho la mtu anayejua mwanga. Mbinu za wenzake wengi wa enzi hiyo ndizo hizohizo: kamera iko chini karibu na ardhi, farasi watano wanapita karibu sana na kuziba kioo kizima, vumbi linapanda, na nyuma ya vumbi akili yako inajaza jeshi lililosalia. Vumbi halina mshahara.

Kosa la vikuku vya kukanyagia, vile mpanda farasi anavyotia miguu, usiwabebeshe maskini peke yao. Wapanda farasi wa Ugiriki na Roma hawakuwa navyo, lakini filamu za matajiri nazo zinavyo. Tena, kuwa mbali na mahali penyewe si lazima kuwe uongo. Filamu ya Waspartani 300, ya mwaka 1962, haikupigwa Thermopylae, mlango mwembamba ambapo vita vyenyewe vilipiganwa, bali Perachora, pia huko Ugiriki, kwa sababu matope ya mto yameisukuma bahari kilomita kadhaa kutoka katika mlango ule, na njia iliyobanwa kati ya mlima na maji haipo tena.

Sasa nunua daftari. Kwa kila kaseti andika jina, mwaka, dakika ambayo vita vinaanza, na alama moja, kwa mfano farasi mweupe anayeangukia kushoto. Wazalishaji waliuziana picha za mapigano, na farasi yuleyule akianguka katika filamu ya pili utakuwa umemkamata mtu. Mimi nina mwenye ngao iliyopasuka ambaye amekufa mara tatu, katika vita viwili visivyo vya karne moja.

SWALI: Kupitia kidirisha cha kaseti naona unga mweupe. Je, niiweke tu kwenye deki? (Bagira)

JIBU: Hapana, mama. Hiyo ni kuvu, na mvua za Bukavu zinaipenda. Itaingia kwenye kichwa cha deki na kuambukiza kaseti zote zitakazofuata. Itenge na nyingine, iache mahali pakavu, kisha umpe fundi anayejua kusafisha mkanda. Zilizo nzima zisimamishe wima kama vitabu, nawe uvunje kile kibamba kidogo cha plastiki cha ubavuni, asije mtu akarekodi harusi juu ya vita.

SWALI: Mume wangu hununua DVD zenye filamu 20 katika sahani moja. Je, zinafaa kwa mkusanyaji? (Ibanda)

JIBU: Sahani ya kawaida hubeba gigabaiti 4.7, gawanya kwa 20, kila filamu inabaki na megabaiti 235 hivi. Nyuso za watu watulivu huvumilia kubanwa huko, lakini vumbi na moshi hugeuka kuwa vijisanduku. Anunue kwa ajili ya kujua majina na kuamua ni ipi ya kutafutia nakala nzuri, ila asihesabu askari humo.