Swali Kwanza, Mashine Baadaye: Kwa Wanaotaka Uzamivu wa Sayansi ya Akiolojia

Hivi karibuni nilipokea ujumbe wa msomaji mwenye shahada ya uzamili katika fizikia, akiniuliza ni chombo kipi cha maabara ajifunze ili akubaliwe kusomea uzamivu wa sayansi na teknolojia katika akiolojia na urithi wa utamaduni. Alinitajia vinne, yaani upimaji wa kaboni ya mionzi (unaokadiria umri wa mabaki ya viumbe), eksirei ya mkononi (kifaa kinachotambua elementi zilizomo katika kitu kwa kukimulika), skana ya leza na usomaji wa vinasaba vya kale, akaomba nimchagulie kimoja. Ujumbe ulinikuta nikiwa nimetoka kuitetea tasnifu yangu, ambayo watahini waliipitisha kwa masahihisho madogo, na jibu langu lilikuwa fupi: usichague chochote. Kwa kuwa maswali ya namna hiyo hunijia mara kwa mara, nimeona nilieleze jibu hilo kwa kirefu, maana wengi wenu mnaotoka katika sayansi mnatamani kilekile nilichokitamani mimi.

Niliingia katika fani hii nikitokea kemia. Tasnifu yangu ilihusu shanga za kioo na jinsi ya kubaini kioo chake kiliyeyushwa wapi kwa kuchunguza kilichomo ndani yake. Kioo cha kale ni mchanga uliochanganywa na kiyeyushi, ambacho huweza kuwa magadi ya asili au majivu ya mimea, pamoja na chokaa ya kukiimarisha. Rangi hutokana na kiasi kidogo cha madini, kama vile kobalti inayoleta buluu iliyokolea, au shaba ambayo, kulingana na hali ya tanuri, huleta kijani, samawati au hata nyekundu. Kioo cha magadi huwa na magnesia (oksidi ya magnesiamu) na potashi (oksidi ya potasiamu) chache, kwa kawaida chini ya asilimia 1.5 kwa kila moja, ilhali cha majivu ya mimea huzidi hapo. Kipo pia kioo chenye alumina (oksidi ya alumini) nyingi, ambacho kwa sehemu kubwa huhusishwa na karakana za Asia Kusini. Mtu akizipata namba hizo sawasawa, ushanga mdogo kuliko punje ya mtama humwonyesha upande wa bahari ambako kioo chake kilianzia safari. Hilo ndilo lililonivuta, na mpaka leo linanisisimua.

Katika idara niliyoanzia, chombo kilichosifiwa kuliko vyote kilikuwa eksirei ya mkononi, na sifa hizo zina msingi, kwa sababu hakiharibu kitu na hutoa majibu kwa dakika chache. Lakini eksirei zinazotolewa na elementi nyepesi ni dhaifu mno na humezwa na hewa kabla ya kukifikia kipokezi. Kwa hiyo chombo hicho, kikitumika katika hewa ya kawaida, hakiioni sodiamu, na magnesiamu huiona kwa shida. Tena husoma tabaka la juu tu, na kioo kilichokaa ardhini kwa karne nyingi huwa kimepoteza sehemu ya sodiamu yake katika tabaka hilohilo. Maana yake ni kwamba magnesiamu, mojawapo ya elementi zinazotenganisha magadi na majivu, ni miongoni mwa zile ambazo chombo kile huziona vibaya kuliko nyingine. Kwa swali langu ilihitajika leza inayomegua chembe ndogo, ikiacha kitobo chenye upana usiofika sehemu ya kumi ya milimita, na kuzipeleka chembe hizo katika spektromita ya tungamo inayopima elementi kwa makumi. Mwenzangu aliyetaka kujua tu iwapo rangi nyekundu ilikuwa ya shaba alimaliza kazi yake kwa chombo cha mkononi, akafanya vizuri. Maswali yalikuwa mawili, na kila moja lilijichagulia chombo chake.

Nitasema pia jambo ambalo halijaacha kunichoma. Katika semina yangu ya kwanza, profesa mmoja wa akiolojia alisema mbele ya wote kwamba wanakemia huja na mashine zao kutafuta kitu cha kuweka ndani. Muda si mrefu baadaye, mkuu wa maabara ya kemia aliniuliza lini nitaacha kuchezea vikorokoro nirudi kwenye sayansi. Atakayeifuata njia hii ajiandae kuambiwa na pande zote mbili kwamba si wa kwao. Sikuwajibu. Niliamua tu kwamba sura ya muktadha katika tasnifu yangu itaandikwa kwa namna ambayo mwanaakiolojia hataipata kasoro, na sura ya vipimo kwa namna ambayo mwanakemia hataipata kasoro, na ndivyo ilivyokuwa.

Sura ile ya muktadha ndiyo iliyonigharimu zaidi. Makumbusho yaliyohifadhi shanga hizo hayakunipa ruhusa mara moja, na mtunza mkusanyo alinitaka kwanza nisome daftari zote za uchimbaji. Nilinung'unika, kisha nikasoma. Daftari zilionyesha kwamba baadhi ya masanduku yalikuwa na shanga za matabaka tofauti zilizochanganywa wakati wa kuhamishwa, na zile nzuri kuliko zote, ambazo mwanakemia yeyote angezikimbilia, hazikuwa na kumbukumbu yoyote ya mahali zilipotoka. Nikaziacha. Kipimo kisicho na dosari cha ushanga usiojulikana ulitoka sakafu ya nyumba ipi, au karne ipi, hakisemi lolote kuhusu waliouvaa. Watahini walitumia muda mrefu kuliko wote kwenye kurasa nilizoeleza nilichokikataa na kwa nini, na hizo ndizo walizozisifu. Miezi ya vipimo vyenyewe siwasimulii, kwa kuwa ilikuwa ya kuchosha na haina la kufundisha ila moja: pima vioo rejea, yaani vioo ambavyo viambato vyake vinajulikana tayari, mfano vioo vinne vya Corning ya Marekani vyenye herufi A hadi D vilivyotengenezwa kwa kuiga kioo cha kale, na uyachapishe matokeo yake pamoja na ya sampuli zako ili mwingine aweze kukukagua.

Anayedhani nasema haya kwa kuwa nilifanyia kazi shanga na atazame kaboni ya mionzi. Willard Libby, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 1960, alipoipima mbinu yake mwaka 1949 alitumia, miongoni mwa vitu vingine, mbao kutoka makaburi ya wafalme wa Misri, Djoser na Sneferu, ambazo umri wake ulikwisha kujulikana kwa njia ya historia. Mbinu iliegemea kwanza elimu kuhusu watu wa kale ndipo ikaanza kuifundisha elimu hiyo. Baadaye pete za miti zikaonyesha kwamba kaboni 14, yaani ile kaboni ya mionzi inayopimwa, haikuwa angani na kiwango kilekile nyakati zote, na ndiyo sababu leo kila umri unaotoka maabara husahihishwa kwa mkunjo maalumu, yaani mchoro unaolinganisha umri wa maabara na miaka ya kalenda, tena kuna mkunjo wa kizio cha kaskazini na wa kizio cha kusini. Hata baada ya hapo, mkaa hueleza lini pete ile ya mti ilikua, hauelezi lini kuni ziliwashwa. Tofauti hiyo, ambayo kwa mti wa miaka mingi huweza kufika karne, haionekani kwenye mashine. Huonwa na aliyesimama shimoni akajua mkaa ule ni wa nini.

Skana ya leza nayo ina kisa chake. Andrew Tallon, mwanahistoria wa sanaa, alilipima kanisa la Notre-Dame la Paris kwa leza kwa sababu alitaka kujua wajenzi wa enzi za kati walilijengaje na kuta zao zilisogea wapi. Moto ulipoliunguza Aprili 2019, yeye akiwa amekwisha kufariki, vipimo vyake vyenye nukta zaidi ya bilioni moja vikawa msaada kwa waliolijenga upya. Sasa ninaona maombi ya uzamivu yanayoahidi kuskani jengo lolote bila kueleza kinachotafutwa, na huishia kuwa faili kubwa zisizofunguliwa na mtu. Kwenye vinasaba hatari ni kubwa zaidi, maana mfupa uliokwisha kutobolewa haurudi ulivyokuwa.

Kwa hiyo, ndugu zangu, swali kwanza. Liandike kwa sentensi moja ambayo mchimbaji ataielewa, kisha tafuta mkusanyo unaoweza kulijibu, kisha ruhusa, na chombo kije mwisho. Tafuta wasimamizi wawili, mmoja wa maabara na mmoja wa uchimbaji, na hakikisha wanazungumza wao kwa wao, si kupitia kwako. Ukiomba nafasi katika mitandao ya uzamivu ya Marie Skłodowska-Curie ya Umoja wa Ulaya, soma masharti mapema: katika miezi 36 kabla ya kuajiriwa usiwe umeishi au kufanya kazi kwa zaidi ya miezi 12 katika nchi ya taasisi itakayokupokea, na wengi huangukia hapo hata kabla swali lao halijasomwa. Kibali cha kusafirisha sampuli kiombwe mwaka wa kwanza. Watafiti vijana hukiona kuwa makaratasi tu, na tabia hiyo ikome, kwa sababu vitu hivi si vyetu, tumeazimwa. Andikeni katika makubaliano, kabla leza haijawashwa, mabaki ya sampuli yatarudi lini, data itatunzwa wapi, na mtunza mkusanyo atatajwa vipi. Katika makala ya kwanza iliyotokana na tasnifu yangu, jina la mtunza yule aliyenisomesha daftari ni la pili, mbele ya wasimamizi wangu wote wawili.