Kiti cha babu: springi au sponji?

SWALI: Shikamoo fundi. Nimerithi kiti cha marehemu babu, alichonunua kwa Mzungu aliyekuwa akihama miaka ya 1960. Miguu imelegea na kikalio kimezama. Nilipokigeuza nikaona mikanda iliyooza, springi, gunia, na nywele nyeusi ngumu. Fundi mmoja hapa Nairobi anataka kung'oa vyote aweke sponji, kisha apige mbao msasa na kuzipaka vanishi mpya. Nikubali?
Msomaji, Buruburu

JIBU: Marahaba mwanangu. Usikubali. Mikanda iliyooza itupwe, ila nywele hizo yaelekea ni singa za farasi, na singa hazichakai upesi. Zimeshikamana tu kwa kukaliwa. Zioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, zianike zikauke kabisa, kisha uzichambue kwa vidole mpaka zifumuke. Funika pua unapozitoa, maana vumbi lake ni baya. Zikipungua, jazia usumba wa nazi kutoka Pwani. Hata mafundi wa Uingereza waliutumia usumba kwenye viti kama hicho. Sponji ya bei rahisi itabonyea na kuanza kubomoka ungali unakumbuka ulilipa ngapi.

Lakini kabla ya kikalio, shughulikia miguu. Ukikaza mikanda juu ya fremu iliyolegea, mvuto wake utazidi kuifungua. Viti vya zamani viliunganishwa kwa gundi ya ngozi, na uzuri wake ni kwamba maji ya moto au mvuke huilegeza. Fungua kiungo taratibu, usafishe gundi yote kuukuu, kwa sababu gundi nyeupe ya kisasa haishiki vizuri juu yake. Mimi hurudishia ileile ya ngozi: punje zake hulowekwa kwenye maji baridi hadi zivimbe, kisha chombo huwekwa ndani ya sufuria ya maji moto, nyuzi joto 60 hivi. Ikichemka inapoteza nguvu. Asitokee mtu akakupigia misumari kwenye kiungo, atapasua ulimi wa mbao na hapo kazi inakuwa ya seremala kuchonga upya.

Fremu ikishakauka, mikanda mipya ya juti hupitishwa juu na chini kama mkeka, ikivutwa kwa kipande cha mbao hadi ukiigonga ilie. Springi zisizovunjika zinarudi zilezile. Kila moja hushonewa kwenye mikanda, kisha vichwa vyake hufungwa kwa kamba: mbele na nyuma, kushoto na kulia, halafu kimshazari, ili kila springi ishikwe kutoka pande nane. Hapa ndipo wengi hukimbilia njia ya mkato, na hapa ndipo kiti huharibika, kwa kuwa springi isiyofungwa huegemea upande na kutoboa gunia. Tumia uzi mnene wa kitani. Kamba ya mkonge ya kufungia mizigo hulika inaposuguana na chuma.

Juu ya springi huja gunia jipya, singa zilizoshikizwa kwa uzi, kisha amerikani, yaani kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, na mwisho kitambaa chako.

Kuhusu msasa: lowesha pamba kwa spiriti, ujaribu mahali pasipoonekana. Rangi ikinata na kuyeyuka, hiyo ni shelaki, aina ya vanishi ya kizamani, na haina haja ya kukwanguliwa. Futa uchafu kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu, acha pakauke, kisha fundi asugulie shelaki mpya nyepesi kwa bunda la kitambaa, tabaka juu ya tabaka. Msasa utaondoa weusi ule ambao mbao imeupata kwa miaka mingi, na hakuna chupa ya vanishi itakayourudisha. Kazi hii ifanywe kabla ya kitambaa kuwekwa.

Patana na fundi akuite singa zikishapangwa, kabla hajafunika kwa amerikani. Keti hapo. Ukisikia springi ikigonga mbao au upande mmoja ukizama, afungue kamba siku hiyohiyo.